Papa Pasta, Motokari Yenu Inalala Tena?

Mwezi huu sitawafundisha juu ya ndoa wala juu ya fungu la kumi. Ninataka kuwasimulia habari ya motokari. Mtasema: Pasta naye, motokari iko na kazi gani katika gazeti la kanisa? Ngojeni kidogo. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba habari hii ni ya motokari, lakini ni ya nyumba yangu vilevile, na ya moyo wangu.

Hapa kwetu Lubudi watoto wananijua kwa sauti. Land Rover yangu ikiwa ingali mbali, kule upande wa reli, wao wamekwisha kuisikia na wanaanza kukimbia. Wamama wa sokoni wananijua pia, lakini wao wananijua kwa kimya. Siku wakiniona ninapita kwa miguu, Biblia kwapani na mikono imejaa mafuta meusi, wananiuliza paka neno moja: «Papa Pasta, motokari yenu inalala tena?» Nami ninajibu: «Inalala, Mama. Lakini haiyakufa.»

Niliinunua mwaka 2013 kwa mzee mmoja aliyekuwa amepumzika kazi. Ilikuwa imelala chini ya mwembe muda wa miaka minne. Kuku walikuwa wanataga mayai juu ya kiti cha shofere. Ni Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1976. Kwa umri imenipita miaka mitatu, kwa hiyo ningepaswa kuiita kaka. Mzee aliomba dola 1.500. Dola zile zilikuwako nyumbani, lakini zilikuwa na jina lingine: mimi na mama watoto tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati. Nilimwambia mke wangu habari hii wakati nilikuwa nimekwisha kutoa nusu. Alinyamaza, kisha akauliza: «Na mvua je?» Nikamjibu: «Mama, ni kwa kazi ya Mungu.»

Wapendwa, tuwe waangalifu na neno hili. Mara nyingi mtu akitamani kitu sana, Mungu njo anakuwa sababu. Mimi nilikuwa na vikundi vya waamini katika vijiji vingi, hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa ninaenda na kinga, nikifika nimechoka na nimelowa, hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba, tangu nilipokuwa mtoto, nikiona Land Rover ya misheni inapita na vumbi lake, moyo wangu ulikuwa unakimbia nyuma yake. Habari hiyo sikumwambia mke wangu. Nilimwambia paka habari ya Mungu.

Niwaeleze kidogo juu ya motokari hizi, kwa sababu vijana wengi siku hizi wanajua paka Toyota. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam mwaka 1948. Mwenye kuifikiri alikuwa Maurice Wilks, Mwingereza, aliyekuwa anatumia jeep ya Waamerika katika shamba lake, na akaona kwamba Uingereza inaweza kutengeneza yake. Vita ilikuwa imekwisha majuzi, chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilipatikana. Njo maana mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu. Hata Ubelgiji ilitaka zake: katika miaka ya 1950 kiwanda cha Minerva, huko Antwerpen, kilitengeneza Land Rover za jeshi la Ubelgiji kwa ruhusa ya Waingereza, ila zile zilikuwa na mwili wa chuma. Series III, ukoo wa hii yangu, ilianza kutoka mwaka 1971 mpaka 1985. Na ya mwisho kabisa ya ukoo ule wa zamani ilitoka katika kiwanda cha Solihull mwezi wa Januari 2016.

Sasa sikieni jambo hili. Mwili wa aluminiamu hauli kutu kama chuma. Lakini chasi, ile mifupa ya chini inayobeba kila kitu, ni ya chuma, nayo inakula kutu polepole, fasi ambapo macho hayafiki. Mtu anaweza kupaka rangi juu na kusifiwa, kumbe chini kunaoza. Nitalirudia neno hili mbele.

Furaha kwanza. Ni mingi, sitaki kuficha.

Karibu na mguu wa shofere mna fimbo mbili fupi. Moja ina kichwa cha manjano, nyingine ina kichwa chekundu. Ukiisukuma ya manjano chini, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Ukiivuta nyekundu, motokari inapata nguvu nyingi na mwendo mdogo, inatembea kama kinyonga. Ninyi mnaojua mchanga wa milima ya Biano wakati wa kipwa, na matope ya njia ya Luena wakati wa mvua, mtanielewa. Mwaka 2016 tulikuta lori moja kubwa limezama katikati ya njia. Abiria walikuwa wamelala pale usiku mbili. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Nilisukuma fimbo ya manjano, nikapita pembeni katika majani, tukamchukua mama yule na mtoto wake mpaka kwa muuguzi. Siku ile nilishukuru Mungu kwa sauti kubwa, na sikuwa ninadanganya.

Tena, korali yetu. Nyuma kuna mabenchi mawili yenye kutazamana. Tunaingiza waimbaji kumi na wawili, ngoma mbili, na mara nyingine mbuzi ya sadaka. Wakianza kuimba tangu Lubudi mpaka tunafika kijijini, bati lote linatikisika, na watu wa kijiji wanakuwa wamekusanyika mbele hatujashuka. Kinga haiwezi kufanya hivyo.

Na furaha ingine: motokari hii ukiifungua, unaona kila kitu. Hakuna ordinatere ndani yake. Siku moja juu ya Biano, baridi ya mwezi wa saba, tulisikia sauti: ka! Mota inanguruma, viteshi vimeingia, lakini hatuendi. Fimbo moja ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma ilikuwa imevunjika. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa Land Rover hizi. Mzee fundi wetu, aliyekuwa pamoja nasi, hakushituka. Alifungua bulo sita pale katikati ya gurudumu, akavuta fimbo iliyovunjika, akarudisha kifuniko chake, akapanguza mikono kwa majani, akasema: «Pasta, hii motokari haiulizake bilongo. Inaulizaka mukono.» Kisha akasukuma ile ya manjano. Mbele njo ikavuta nyuma, tukafika nyumbani polepole.

Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya neno hili. Katika nyumba, siku moja mmoja anavunjika, na mwingine anavuta. Bwana anavunjika, bibi anavuta. Watu walisema amina. Lakini mzee fundi alinifuata mlangoni akaniambia: «Pasta, hamukumaliza. Ukitembeza siku mingi na ya mbele peke yake, nayo itavunjika.» Nilicheka. Sikuona kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anavuta peke yake tangu 2013.

Sasa machozi.

Esansi kwanza. Inakunywa lita 20 hivi kwa kilomita 100, na zaidi katika mchanga. Mbali na mji tunanunua kwa bakadafi, ndani ya chupa, na si kila chupa ina esansi peke yake. Niliwahi kusimama njiani saa nne nzima nikisafisha karbiratere kwa sababu ya maji. Siku ile nilikumbuka punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, nikatazama mbele kama kuna malaika. Hakukuwa malaika. Yalikuwa maji.

Funguo za fundi nazo ni taabu. Mafundi wetu wote wana funguo za milimita. Bulo za Land Rover ni za inchi. Ufunguo wa 13 unaingia juu ya bulo ya nusu inchi, lakini unacheza kidogo, maana nusu inchi ni milimita 12 na sehemu 7. Leo unafungua, kesho unafungua, siku ya tatu kichwa cha bulo kimekuwa duara na hakuna ufunguo utakaokishika. Na piesi? Za Toyota ziko kila fasi. Zangu ninatuma mtu Lubumbashi, na mara nyingine ng'ambo, Zambia. Piesi za mota za Zambia zinafaa. Lakini Zambia volani iko upande wa kuume, na kwetu iko upande wa kushoto, basi vitu vya volani vinarudi kama vilivyokwenda, na pesa ya njia imeliwa.

Mvua ikinyesha, shofere analowa ndani kuliko mtu wa kinga. Mafuta yanadondoka chini usiku na mchana. Mzee fundi anasema siku nikiona haidondoki, niogope, kwa sababu njo yamekwisha.

Nilikuwa ninasimulia mambo haya kwa kicheko, na watu walikuwa wanacheka. Lakini kuna moja ambalo sikulisimulia mahali popote. Mwaka 2017, mwezi wa tisa, nilinunua disiki ya ambrayaji kwa pesa ya shule. Nilijiambia nitairudisha katika juma mbili. Mwana wangu wa pili alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Nilimkuta ameketi ndani ya Land Rover, kwenye kiti cha shofere, na kitabu chake juu ya volani. Alikuwa anasoma pale kwa sababu hapo hapakuwa na watu wa kumwuliza maswali. Hakuniambia neno. Mama yake aliuza kitenge kipya alichopewa na wamama wa kanisa, na mtoto akarudi shuleni. Hata hapo sikuamka.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mwisho wa mwaka 2018 waamini walinikusanyia dola 90 kwa ajili ya motokari. Mzee fundi aliitazama akasema wazi: «Batri iko nakufa, na delko iko na mupasuko. Mununue batri, mununue delko.» Lakini katika mwezi wa pili tulikuwa na mkutano mkubwa, na wakubwa wa kanisa walikuwa wanatoka Kolwezi. Land Rover ilikuwa na rangi tatu, kila mlango na yake. Nikaona haya. Nikanunua rangi. Kijani, kama ile ya zamani ya misheni. Ilitoka nzuri sana, sitasema uongo. Watu walisimama njiani kuitazama. Na kila jioni nilikuwa ninaisimamisha pale kwenye mtelemko karibu na nyumba, ili asubuhi niisukume iwake. Wasomaji, mkiona motokari ya mtu inalala mtelemkoni kila siku, jueni kuna kitu anakijua na hakisemi.

Siku ya posho moja ya mwezi wa pili 2019 kulikuwa na arusi. Waliomba Land Rover ya kijani iwabebe maarusi. Tulizunguka Lubudi yote, taa zinawaka mchana, honi inalia. Jioni niliisimamisha katika kiwanja cha kanisa, fasi ya sawasawa, kwa sababu watu walitaka kupiga picha. Nikaiacha pale. Usiku mvua ikaanza.

Saa tano ya usiku mlango ulipigwa. Alikuwa shemasi wetu mmoja. Mke wake alikuwa anazaa katika kituo cha afya, ilikuwa tangu asubuhi, na muuguzi alisema apelekwe hospitali mara moja. Tukakimbia mpaka kiwanjani. Nikazungusha ufunguo. Motokari ilisema tik, ikanyamaza.

Land Rover hizi zina tundu mbele la kuingiza manivela, ili mtu aiwashe kwa mkono. Nilizungusha. Shemasi alinishikia mwanga wa telefone. Mvua ilikuwa inaingia ndani ya delko kwa ule mupasuko. Nikazungusha tena, mara kumi, mara ishirini. Mara moja mota ilirudisha manivela kwa nguvu, ikanipiga kwenye kifundo cha mkono. Tukaita majirani wasukume. Matope. Ikateleza, haikuwaka. Shemasi hakusema kitu wakati wote ule. Alikuwa anashika mwanga tu, na mwanga ulikuwa unatetemeka. Karibu saa nzima ilipita.

Aliyekuja ni kijana mmoja wa taksi-moto, aliyesikia kelele. Ninapaswa kuwaambia jambo juu ya kijana huyu. Juma mbili mbele ya usiku ule nilikuwa nimemsema mimbarini. Sikutaja jina lake, lakini kila mtu alimjua: wale wanaofanya kazi siku ya Bwana kwa kupenda pesa. Hakurudi tena kanisani. Usiku ule hakuuliza pesa, wala hakuniuliza kitu. Alikwenda kituoni, wakamketisha mama nyuma yake, dada yake akamshika kwa nyuma, wakaenda polepole katika mvua ile. Mimi na shemasi tuliwafuata kwa miguu.

Mama alipona. Mtoto, mvulana, hakupona.

Niliuliza kama saa ile moja ingebadili kitu. Niliambiwa: pengine ndiyo, pengine hapana, hakuna mtu anayeweza kusema. Ninabeba lile neno «pengine» mpaka leo.

Siku ya kwanza tulizika. Niliomba mbele ya kisanduku kidogo, na mkono wangu umefungwa kitambaa. Nyuma ya kanisa Land Rover ilikuwa imesimama, jua limetoka, rangi yake inang'aa. Baada ya maombi shemasi alinikaribia. Nilijua ataniuliza juu ya motokari, nami nilikuwa nimetayarisha majibu. Alishika mkono wangu akaniuliza: «Papa Pasta, mukono yenu iko namna gani?» Nilishindwa kujibu.

Katika juma lile lile nilitafuta mtu wa kununua. Kuna wanunuzi wanaokusanya aluminiamu ya zamani, inayeyushwa na kufanywa masufuria. Mmoja alikuja, akagonga mlango kwa vidole, akasema dola 400. Nilikubali. Jioni nilimwambia mama watoto, nikifikiri atafurahi. Alikuwa anachagua mawe katika maharagi. Alichagua muda mrefu. Kisha alisema:

«Papa wa batoto, motokari haikukosa kitu. Haikujipaka rangi.»

Nikanyamaza.

«Ukiuzisha, utanunua kintu ingine na moyo ule ule. Bagonjwa balipo wataenda na nini? Unipatie mimi mufuko yake.»

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma Biblia miaka mingi, nimefundishwa namna ya kuhubiri toba. Lakini mahubiri juu ya dhambi yangu niliyapata jikoni, mbele ya ungo wa maharagi, kwa mtu ambaye kwa miaka sita sikumwuliza shauri. Mnunuzi alirudi siku ya pili na funguo zake, nikamwambia aende na amani.

Tulifanya sheria, na ninawapa ninyi, kwa sababu zinafaa si kwa motokari tu.

Ya kwanza: pesa iko kwa Mama, ndani ya kopo la maziwa. Shule inapita mbele, kisha chakula, kisha motokari. Pesa yote ambayo kanisa linatoa kwa ajili ya motokari inaandikwa katika kayé, na wazee wawili wanatia sahihi.

Ya pili: kitu kinachomfikisha mgonjwa njo kinanunuliwa kwanza. Batri, freni, pine, taa. Rangi itakuwa ya mwisho. Tangu 2019 haijapakwa tena, na mlango mmoja umeanza kurudia rangi yake ya zamani.

Ya tatu: kuna bido moja ya lita 10 za esansi, imefungwa. Hakuna mtu anayeigusa, hata mimi, hata kwa mkutano, hata kwa arusi. Ni ya usiku.

Ya nne ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilikwenda kwa yule kijana wa taksi-moto. Nilimwomba msamaha nyumbani kwake, na Jumapili nilisema mbele ya kanisa kwamba nilimhukumu mtu ambaye Mungu alikuwa anamtuma. Alicheka kidogo, kwa haya. Akaniambia: «Papa Pasta, siku motokari inalala, munipigie telefone.» Namba yake nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango, upande wa shofere. Tumemwita mara tatu. Naye, matope yakiwa mengi kwa moto, ametuita mara nyingi zaidi.

Mwaka 2021 nilimchukua tena mke wa yule shemasi. Ilikuwa mchana, njia kavu, batri nzuri. Alizaa binti. Sisemi kwamba mtoto mmoja analipa mwingine. Hakuna mzazi atakayekubali neno hilo, na mchungaji asilitamke kamwe. Ninasema tu kwamba siku ile motokari ilifanya kazi ambayo mwaka 2013 nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba itafanya.

Sasa neno kwenu vijana, zaidi ninyi mnaofanya kazi katika makampuni ya Fungurume na Kolwezi. Ninaona mshahara wa kwanza unaingia, na mwezi wa pili motokari ya okazioni iko mlangoni, na mwezi wa tano iko juu ya mawe, haina pine. Sikatazi. Mimi mwenyewe, nikisikia mota yangu inawaka asubuhi ya baridi, ninafurahi kama mtoto. Lakini Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu. Hesabuni basi. Si bei ya kununua tu, bali na ya kulisha. Mwulizeni fundi mbele ya kutoa pesa, si nyuma. Na mwenye ndoa amwulize mwenzake mbele ya kutoa nusu ya kwanza. Mkimwambia mtu «ni kwa kazi ya Mungu», jiulizeni kwanza kama mngeifanya kazi ile hata bila kitu kile.

Nilijiuliza hivyo siku moja nikisoma Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo alitumwa katika njia ya Gaza. Mwenye gari alikuwa Mhabeshi, mtu mkubwa wa hazina ya malkia. Filipo hakuwa na gari. Alikimbia kwa miguu, akalifikia, akapandishwa, akafundisha, akashuka, akabatiza. Habari Njema ilikwenda mbali ndani ya gari la mtu mwingine. Miaka mingi nilisoma sura hii na sikuona kwamba mhubiri njo alikuwa mwenye miguu.

Leo ninapoandika, Land Rover imelala. Ni pompu ya esansi, mpira wake wa ndani umepasuka, na mwingine utafika kutoka Lubumbashi juma lijalo, Bwana akipenda. Pesa yake ilitoka katika kopo, baada ya shule. Asubuhi nilipita sokoni kwa miguu, nikielekea kwa mgonjwa mmoja. Mama mmoja muuza sombe aliniita kutoka mbali: «Papa Pasta, motokari yenu inalala tena?»

«Inalala, Mama,» nilimwambia. «Lakini namba ya kijana iko ku mlango.»

Bwana awalinde ninyi nyote katika njia zenu, wenye motokari, wenye kinga, na wenye miguu. Amina.